Tope la Chwele halimo kiooni

Anayetoka Bungoma kwenda Kimilili kwa njia ya Chwele, mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon, hujifunza jambo moja ambalo sisi wa pwani tuliozoea mchanga na matumbawe hatulijui vyema. Udongo wa huko ni mwekundu, na mvua ikishuka haujui mgeni wala mwenyeji. Trekta la miwa hupita likaacha alama mbili. Lori linalofuata huzizamisha. La kumi hupita ndani yake kama gari moshi juu ya reli, dereva apende asipende. Kisha jua hutoka, na ile mifereji ya magurudumu hukauka ikawa migumu kama saruji.

Nayataja haya kwa sababu ya michezo ya video ya mashindano ya magari, ambayo vijana wetu, wa bara na wa pwani, hukaa wakiicheza hadi adhana ya magharibi ikawapita masikioni. Wanaiita ya kweli kabisa. Na hapana shaka, kwa macho ni ya kweli: vumbi latimka, changarawe yaruka, tairi likiserereka laacha michirizi nyuma. Walakini swali si kama alama ya tairi inaonekana. Swali ni kama gari lijalo nyuma litaihisi.

Katika michezo mingi jibu ni hapana. Ile michirizi ni picha tu iliyobandikwa juu ya barabara, na katika michezo mingi ya zamani ilikuwa ikifutika baada ya kitambo ili mashine isilemewe.

Tuanze na tairi lenyewe. Tairi lina akiba moja tu ya mshiko, mfano wa mtungi mmoja wa maji nyumbani: ukiyatumia mengi kwa kuogea, ya kupikia yatapungua. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote, hubakiwa na mshiko haba wa kukatia kona. Hilo watengenezaji wa michezo wamelifahamu siku nyingi, na wanalipigia hesabu vizuri. Ardhi ndiyo iliyowashinda. Juu ya lami tairi hushikana na kitu kisichosogea, ilhali juu ya changarawe kila kitu husogea. Gurudumu lililokazwa breki hadi likaacha kuzunguka hulima kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kulisimamisha gari. Ndiyo maana breki za kisasa zinazozuia gurudumu lisikwame, ambazo ni neema kwenye lami iliyolowa, huweza kulichelewesha gari kusimama kwenye changarawe. Katika mashindano, gari linalotangulia hufagia kokoto kwa niaba ya wenzake na kupoteza wakati. Yanayofuata hupata ardhi ngumu iliyo chini. Yakipita mengi mno, mifereji huzaliwa, na faida hugeuka hasara.

Mchezo wa Sega Rally Championship, uliotoka Japani katika miaka ya tisini, ulisifiwa kwa kuwa gari lilishika lami kwa namna moja na changarawe kwa namna nyingine. Mwaka 2007 Sega Rally mpya, uliotengenezwa Uingereza, ulikwenda mbele zaidi: magurudumu yalichimba ardhi hasa, na mzunguko wa pili ulikuta mifereji ya mzunguko wa kwanza. Ndani yake mlikuwa na eneo lililopewa jina la Safari, lakini lilikuwa la kubuni. Mwaka 2019 ukaja DiRT Rally 2.0, ambamo njia huzidi kuchakaa kwa kadiri ya magari yaliyokutangulia. Mlikuwa na New Zealand, Argentina, Poland na kwingineko. Kenya haikuwamo.

Kenya iliingia, na kwa ajabu yake. Mashindano ya Safari yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakapangiwa kurudi 2020, yakafutwa kwa sababu ya korona. Mwaka huohuo kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa ikatoa mchezo wa WRC 9 ukiwa na Safari ya Kenya ndani yake. Basi dunia iliendesha Safari mpya kiooni kabla dereva yeyote wa ubingwa huo hajaiendesha kwa mikono yake. Ya kweli ilifanyika Naivasha mwezi Juni 2021. Thierry Neuville aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, gari lake likavunjika kifaa cha kuzuia mitikisiko, na Sébastien Ogier akatwaa ushindi.

Kenya ya mchezo ni ya vumbi. Si uongo, vumbi la Naivasha ni laini kama unga na limewatesa mabingwa. Lakini wazee wa Mombasa waliokuwa wakiyaona magari ya Safari yakishuka hadi pwani wakati wa Pasaka hawakumbuki vumbi tu. Wanakumbuka magari yaliyopakwa tope hadi paani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Sifa ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, ilijengwa kwenye njia za namna hiyo.

Mtu atasema, ni mchezo tu, kuna hasara gani? Mwaka 2021 shirikisho la magari duniani, FIA, lilifungua mpango wa kutafuta madereva wa miaka 17 hadi 26 wasio na mali, na mojawapo ya milango yake ilikuwa mchezo wa video wa WRC. Miongoni mwa waliofika katika kikosi cha mafunzo alikuwamo Abdullah Al-Tawqi wa Oman. Mlango wa namna hiyo ukifunguliwa, kijana wa Chwele anayejua tangu utotoni ni lini mfereji utaubeba mzigo na ni lini utaumeza, atapimwa juu ya barabara ambayo hata ipitwe mara ngapi haichimbiki. Ujuzi wake mkubwa kuliko wote hautamwongezea hata nukta moja ya sekunde.