Roda, kapi, puli: boriti inabeba kilo ngapi?

Ukipita gereji za malori Tunduma, utakuta mahali wamefunga boriti juu, kamba imepita kwenye kigurudumu chenye mfereji, na vijana wawili watatu wanavuta gia boksi. Uliza kile kigurudumu kinaitwaje. Fundi mmoja atasema puli, mwingine kapi. Mtoto wa shule ya msingi atasema roda, maana ndivyo alivyofundishwa kwenye sayansi. Wote wako sahihi.

Puli ni Kiingereza tu. Roda ni neno la Kireno, maana yake gurudumu. Kapi limevuka bahari kutoka India, ambako kuanzia Kigujarati hadi Kitamil wanasema kappi. Majina haya yanatuonyesha tulikochukua maneno, ila hayasemi kifaa kimefungwa wapi. Na hapo ndipo penye fizikia yote.

Roda tuli imefungwa kwenye boriti. Inazunguka tu, haipandi wala haishuki. Wengi tunakariri kwamba "inapunguza uzito". Haipunguzi! Gia boksi ikiwa na kilo 100, utavuta kilo 100, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Unachopata ni kuvuta kuelekea chini, ukaegemeza mwili wako. Sasa tazama boriti: upande mmoja wa kamba kuna kilo 100 za mzigo, upande wa pili kilo 100 za mikono yenu. Jumla 200. Aliyechagua boriti kwa kuangalia uzito wa gia boksi peke yake amepiga hesabu nusu, na chini yake kuna mtu amelala mgongoni.

Roda inayotembea hufungwa kwenye mzigo wenyewe na kupanda nao. Mzigo unaning'inia kwenye kamba mbili, kwa hiyo unavuta kilo 50 hivi. Bei yake ni kamba: kupandisha mita 1 unavuta mita 2.

Mabaharia wa pwani walishaipa ya kwao jina: gofia. Kwenye jahazi, kamba nene iitwayo henza hushika foromali, hupita juu ya mlingoti, na mwisho wake wa pili hushika gofia. Tanga likipanda, gofia inashuka. Nalipenda neno hili kuliko hayo matatu, kwa sababu linataja kapi yenye kazi maalumu, si kigurudumu chochote.

Gereji unaweza kuziunganisha: ya chini itembee na mzigo, ya juu iwe tuli ili uvute kuelekea chini. Mkono unabaki na kilo 50. Boriti je? Hesabu kamba zinazoning'inia kutoka juu: ile iliyofungwa kwenye boriti, ile inayoingia roda ya juu, na ile uliyoishika. Tatu, kila moja kilo 50. Boriti inabeba 150, bila kuhesabu uzito wa roda zenyewe.