Utiririshaji wa Video Unaojirekebisha katika Programu Tumizi Isiyoandikiwa Msimbo: Mahitaji ya Mtumiaji wa Nyanda za Juu za Ufipa

Utiririshaji unaojirekebisha ni mbinu ya kuhifadhi video moja katika viwango kadhaa vya ubora, kila kiwango kikigawanywa katika vipande vya sekunde chache. Faili la orodha huonesha mahali pa kila kipande. Kicheza video hupima kasi ya mtandao, kisha huomba kipande kinachofuata katika kiwango kinachoendana na kasi hiyo. Itifaki ya HLS, iliyoanzishwa na kampuni ya Apple mwaka 2009, na MPEG-DASH, iliyochapishwa mwaka 2012, hufuata utaratibu huu.

Majukwaa yasiyohitaji msimbo kwa kawaida humpa mbunifu kijenzi cha video chenye nafasi ya anwani moja. Anwani hiyo ikiwa ya faili la MP4, watumiaji wote hupokea ubora uleule. Marekebisho hufanyika nje ya jukwaa: video hugawanywa kwa programu kama FFmpeg, vipande huwekwa kwenye seva, na anwani ya faili la orodha, inayoishia na .m3u8, huchukua nafasi ya ile ya awali. Kijenzi kisichosoma HLS huweza kubadilishwa kwa ukurasa wa wavuti wenye maktaba ya hls.js, uliopachikwa ndani ya programu tumizi.

Umuhimu wa mbinu hii huonekana kwa msafiri anayetoka Sumbawanga, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, akiteremkia Bonde la Rukwa kati ya vilima vinavyoweza kukinga mawimbi ya simu. Mtandao unapodhoofika, video ya ubora mmoja hukwama. Inayojirekebisha hushuka kiwango na kuendelea.

Hata hivyo, kicheza video hupima kasi. Hakipimi kifurushi cha data. Somo la dakika 10 kuhusu ntumba, yaani matuta ambamo Wafipa hufukia nyasi ziwe mbolea, hutumia takriban megabaiti 30 kwa kasi ya kilobiti 400 kwa sekunde, lakini megabaiti 375 kwa megabiti 5 kwa sekunde. Hivyo, mkulima anayefika mjini penye mtandao wa kasi ndiye anayeweza kumaliza kifurushi chake upesi zaidi, bila kuchagua.

Kwa hiyo, kuongeza HLS pekee hakutoshi. Orodha kuu haina budi kuishia kwenye kiwango cha kati, na viwango vya juu kutengewa orodha ya pili inayofunguliwa kwa kitufe. Ukomo huo hauhitaji msimbo, nao humwachia mtumiaji uamuzi wa gharama.