Simu ya Nyumbani Isiyozimika Pamoja na Taa

Tangu askari wa Uganda walipoanza kuwasili Mogadishu mwezi wa Machi 2007, zipo nyumba zilizozoea kungoja simu ya usiku. Baba aliye mbali akipata nafasi, na kanuni za kikosi chake zikiruhusu, hupiga kwa njia ya intaneti. Naye mama hupendelea kengele ilie sebuleni, watoto wote waisikie, kuliko kupapasa simu ya mkononi chini ya mto. Kazi hiyo huweza kufanywa na swichibodi ya nyumbani, yaani kompyuta moja inayopokea sauti kutoka intaneti na kuigawa kwa simu za vyumbani.

Programu ijulikanayo sana kwa kazi hiyo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, nayo hupatikana bure. Kwa sababu hiyo wengine hudhani gharama imekwisha, wakaitwika kazi kompyuta kuukuu ya mezani iliyokuwa ikila vumbi. Hapo ndipo hesabu huharibika. Swichibodi hailali. Kompyuta inayotumia wati 80, ikiwaka usiku na mchana, humaliza karibu yuniti 2 za umeme kila siku, yaani yuniti 700 kwa mwaka. Kompyuta ya kibao kimoja, kama Raspberry Pi 3 iliyotoka mwaka 2016, ikitumia wati 4, haizidi yuniti 35 au 36 kwa mwaka mzima.

Je, kitu kinachotoshea kiganjani chaweza kubeba mazungumzo ya nyumba nzima? Chaweza, maana sauti ni mzigo mwepesi. Mazungumzo ya kawaida huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde kila upande, pamoja na nyongeza kidogo ya usafirishaji. Kinachoichosha swichibodi ni kutafsiri sauti, pale simu moja inapotumia mtindo mmoja wa kuifunga na nyingine mtindo mwingine. Simu zote zikipangwa kutumia mtindo mmoja, kazi ya kutafsiri huondoka.

Lakini kipimo kilicho kikubwa kuliko bili ni saa ya giza. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84, na ikiwa ni ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu mara kwa mara. Ile kompyuta ya mezani ingeimaliza nusu hiyo kwa nusu saa. Swichibodi ya wati 4 pamoja na ruta ya wati 8 zitakaa muda wa saa 3 hivi, ukitoa kinachopotea njiani. Ruta isisahauliwe: ikizimika, swichibodi iliyo hai ni kama karani asiye na mlango. Hata mnara wa intaneti ukikosa umeme, vyumba vitaendelea kuitana. Hata hivyo simu ya mkononi yenye chaji ibaki karibu kwa ajili ya kuita polisi au gari la wagonjwa.

Katika kununua, ulafi wa bei rahisi hujitokeza kwenye vitu vidogo. Raspberry Pi 3 huhitaji volti 5 na ampea 2.5, chaja hafifu ya simu huiacha ikizubaa katikati ya mazungumzo. Kadi ya kumbukumbu nayo huharibika umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika, basi inunuliwe iliyo bora, nakala ya mipango yote iwekwe pembeni, na kumbukumbu za kila simu zisiandikwe bila haja. Kibao kiwe na tundu la waya wa mtandao. Raspberry Pi Zero ni nafuu zaidi, ila haina tundu hilo.

Neno la siri lisiwe 1234. Wapo wezi wanaozunguka intaneti wakijaribu milango ya namna hiyo, na wakiingia hupiga simu za nchi za mbali kwa deni la mwenye nyumba.

Kabla ya kuutegemea mtambo, jioni moja swichi kuu ya nyumba izimwe makusudi, na mtoto atumwe chumba cha nyuma kupiga simu ya sebuleni.