Paa linavuja na mwenye nyumba hapatikani: Afanyeje mpangaji?

Na MWANDISHI WETU

MVUA ya masika inapoanza kunyesha, mabati yaliyotoboka hayamsubiri mwenye nyumba arejee safarini. Maji huingia chumbani, godoro likalowa, ukuta ukaota ukungu, na kila simu inayopigwa ikajibiwa kwamba mteja hapatikani.

Hali hii huwakumba wapangaji wengi katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, ambako nyumba nyingi za kupangisha humilikiwa na watu wasioishi karibu nazo. Wapo wamiliki waliorudi mashambani, wapo walio ughaibuni, na wapo waliofariki huku watoto wao wakizozania urithi. Anayebaki kwenye ploti ni msimamizi anayekusanya kodi lakini asiye na idhini ya kununua hata msumari.

Ajabu ni kwamba mara nyingi asiyepatikana ni mwenye nyumba peke yake. Akaunti yake haikosi kupatikana. Mwezi unapoanza, kodi hutumwa kwa benki au kwa M-Pesa, nayo hupokewa bila tatizo lolote.

Hapo ndipo mpangaji hushawishika kuchukua mojawapo ya hatua mbili: kuacha kulipa kodi hadi mwenye nyumba ajitokeze, au kumwita fundi, kumlipa na kukata gharama hiyo kwenye kodi ya mwezi unaofuata. Zote mbili huonekana kuwa za haki, na zote mbili zaweza kumtia mashakani.

Ukweli ni kwamba ukimya wa mwenye nyumba haumwondolei wajibu wa kutengeneza nyumba yake, lakini pia haumpi mpangaji ruhusa ya kujikatia kodi. Kati ya mambo hayo mawili ipo njia, nayo hupitia kwenye maandishi na idhini.

WAJIBU NI WA NANI?

Methali hutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ila haisemi ni nani atakayenunua saruji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema.

Kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha sheria hiyo, nyumba au chumba kinachokodishwa kwa makazi sharti kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Pale ambapo mpangaji amekodi sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka, pamoja na sehemu zinazotumiwa na wote kama vile ujia na ngazi.

Kifungu cha 66 nacho kinamtwika mpangaji mzigo wake. Ni lazima alipe kodi na kuitunza nyumba ipasavyo. Hata hivyo, hawajibikii uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida, wala uharibifu unaoletwa na mafuriko, radi au dhoruba.

Kwa maneno mepesi, kioo kilichovunjwa na mtoto wako ni chako. Bomba lililooza ndani ya ukuta kwa sababu ya umri ni la mwenye nyumba. Kabla ya kudai lolote, soma mkataba wako, kwa kuwa huenda umegawa kazi hizi kwa namna yake.

HATARI YA KUJIKATIA KODI

Tuseme kodi ni Sh9,000 kwa mwezi na fundi ametoza Sh6,500 kwa kubadilisha mabati. Mpangaji anatuma Sh2,500 zilizobaki na kunyamaza. Katika daftari la mwenye nyumba, hakuna paa lililotengenezwa. Kuna malimbikizo ya Sh6,500.

Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, humruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali aliye na leseni kuzuia mali ya mpangaji anayedaiwa. Mpangaji atakapotoa risiti ya fundi, ataulizwa: ni nani aliyekuruhusu? Akikosa jibu, runinga yake yaweza kuuzwa kwa sababu ya paa ambalo hata si lake.

Anayeacha kulipa kabisa humpa mwenye nyumba sababu ya kumfukuza, na kesi iliyoanza kuhusu paa hugeuka kuwa kesi ya mdaiwa sugu. Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kuendelea kulipa kodi huku ukidai ukarabati.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko ya mdomo kwa msimamizi wa ploti yana hatima iyo hiyo.

Siku hitilafu inapotokea, piga picha zinazoonyesha tarehe. Andika saa na siku za simu ulizopiga. Kisha andika barua, uitume kwa njia zaidi ya moja: nakala kwa msimamizi atie sahihi kwamba ameipokea, nakala kwa wakala anayekusanya kodi, na picha ya barua hiyo kwa nambari ya simu au barua pepe ya mwenye nyumba. Wakala aliyepewa mamlaka ya kusimamia nyumba akipokea taarifa, ni vigumu kwa mwajiri wake kudai baadaye kwamba hakujua.

Barua haihitaji maneno ya kisheria. Mfano ni huu:

"Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari saba. Tangu Aprili 3 paa la chumba cha kulala linavuja. Nimekupigia simu Aprili 4, 6 na 9 bila kupata jibu. Fundi amekadiria gharama kuwa Sh6,500, na makadirio yake nimeyaambatisha. Naomba ukarabati ufanywe kabla ya Aprili 24, au unipe idhini kwa maandishi niufanye mwenyewe na gharama hiyo ikatwe kwenye kodi ya Mei. Nitaendelea kulipa kodi kama kawaida."

Barua hiyo imeeleza tatizo, tarehe, gharama, muda na ombi. Jibu fupi la simu linalosema "sawa, tengeneza tukate" latosha kuwa mwanzo wa idhini, mradi lihifadhiwe. Idhini ikitoka kwa msimamizi, mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemtuma kusema hivyo.

Ni vyema pia kutafuta makadirio ya mafundi wawili au watatu. Mwenye nyumba anayepata bili ya fundi mmoja aliyechaguliwa na mpangaji ana kila sababu ya kushuku kwamba imeongezwa chumvi.

Ikiwa tatizo ni la ploti nzima, kwa mfano choo cha pamoja kilichoziba, wapangaji wote na watie sahihi barua moja. Naye chifu au naibu wake aweza kusaidia kuitafuta familia ya mwenye nyumba, kwani aghalabu anaifahamu. Chifu, hata hivyo, hana mamlaka ya kuamuru kodi ikatwe.

PA KWENDA UKIKOSA JIBU

Muda uliotolewa ukipita bila jibu, ngazi inayofuata hutegemea kiasi cha kodi.

Nyumba za makazi ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na mizozo yake husikizwa na jopo maalumu. Jopo hilo laweza kuagiza ukarabati ufanywe kwa gharama ya mwenye nyumba na, akikataa kulipa, wapangaji walipe kodi kwa jopo lenyewe hadi gharama itimie. Stakabadhi ya jopo huwa na nguvu sawa na ya mwenye nyumba. Laweza pia kumruhusu mpangaji atengeneze na kukata gharama kwenye kodi. Aidha, katika nyumba hizi dalali hawezi kukamata mali bila idhini ya jopo.

Tazama jinsi sheria yenyewe ilivyopanga mambo: kukata gharama kwenye kodi kunakubalika, lakini ruhusa hutangulia mkato.

Wenye maduka na mikahawa wana jopo lao chini ya Sura ya 301, lenye mamlaka yanayofanana na hayo kuhusu ukarabati.

Kiwango cha Sh2,500 kiliwekwa miongo mingi iliyopita, na leo wapangaji wengi wa mijini hulipa zaidi ya hapo. Hao huelekea kwa mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakifika huko, kutopatikana kwa mwenye nyumba si kinga. Mahakama ikiridhika kwamba ametafutwa bila mafanikio, yaweza kuruhusu ilani ya kesi ibandikwe mlangoni au itangazwe gazetini. Tangu mwaka 2020, kanuni za kesi za madai zinatambua pia ilani inayotumwa kwa barua pepe au ujumbe wa simu.

Aliyeharibikiwa na mali, kwa mfano runinga iliyoingiwa na maji kwa sababu onyo kuhusu paa lilipuuzwa, aweza kufikiria Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii ilibuniwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hupaswa kuamua kesi katika muda wa siku 60, na mtu aweza kujiwakilisha bila wakili. Haishughulikii mizozo ya umiliki wala ukaaji wa ardhi.

AFYA NA DHARURA

Yapo matatizo yasiyoweza kungoja jopo wala mahakama.

Majitaka yakifurika uani, mlalamikie afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamwezesha kutoa ilani ya kuondoa uchafu au hali inayohatarisha afya. Pale ambapo chanzo ni kasoro ya jengo lenyewe, ilani huelekezwa kwa mwenye nyumba, si kwa mkaaji. Malalamiko haya yana msingi hata katika Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinatambua haki ya makazi ya kutosha na viwango vifaavyo vya usafi.

Stima ikileta cheche, zima swichi kuu kwanza. Hitilafu ikiwa kwenye mlingoti au mita, ni kazi ya Kenya Power, na mpangaji aweza kuripoti mwenyewe. Ikiwa ni nyaya za ndani, ni za mwenye nyumba, nazo ziguswe tu na fundi aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Bomba likipasuka usiku, funga maji na ufanye kile tu kinachohitajika kuzuia hasara zaidi. Weka risiti, picha na kipande kilichoondolewa, kisha umwarifu mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Kuzuia hasara ni jambo la busara ambalo mahakama hulielewa. Kubadilisha mabomba ya nyumba nzima bila idhini ni jambo jingine.

Nyufa zinazozidi kupanuka au nguzo inayoinama si ukarabati wa mpangaji hata kidogo. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mvua kubwa iliponyesha, na watu wapatao 50 wakafariki. Penye dalili za namna hiyo, ondoka, kisha uripoti kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

MWENYE NYUMBA AKIFARIKI

Mzozo mgumu zaidi huzuka pale ambapo watoto wawili wa marehemu, kila mmoja kwa wakati wake, humjia mpangaji wakidai kodi, na hakuna kati yao anayetaka kusikia habari za paa.

Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, asiyeidhinishwa kisheria haruhusiwi kujishughulisha na mali ya marehemu. Omba kuonyeshwa hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye anayestahili kupokea kodi, na ndiye wa kuandikiwa barua ya ukarabati. Hadi atakapojulikana, usiitumie pesa ya kodi. Iweke kando na uandike kwamba uko tayari kulipa.

KABLA YA KUINGIA

Wakati mwingine uamuzi bora ni kuhama. Anayelipa kila mwezi bila mkataba wa muda maalumu aweza kuondoka kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja, nayo itolewe kwa maandishi kwa njia zile zile za barua ya ukarabati, ili amana isipotee.

Akihamia kwingine, wakati wa kumtafuta mwenye nyumba ni kabla ya kulipa amana hiyo. Aulize jina kamili la mmiliki, nambari ya pili ya simu, na ni nani anayeamua mwenyewe asipokuwepo. Kisha aombe sentensi moja iongezwe kwenye mkataba: kwamba ukarabati wa dharura usiozidi kiasi fulani, walichokubaliana, mpangaji ataufanya na kuukata kwenye kodi kwa kutoa risiti, endapo mwenye nyumba hatajibu katika muda wa siku tatu.

Mwenye nyumba mwaminifu hana sababu ya kuikataa sentensi hiyo, kwa maana inalinda mali yake. Anayeikataa amekwisha kumwonyesha mpangaji jinsi atakavyojibu simu siku paa litakapovuja.