Chura wa Kihansi

Mmekwisha kujifunza kwamba chura wa kawaida hutaga mayai majini. Mayai huanguliwa viluwiluwi, ambao huogelea na kuvuta pumzi kwa matamvua. Baadaye viluwiluwi huota miguu, mkia hutoweka, nao huwa vyura. Je, vyura wote huzaliana hivyo?

Katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, Mto Kihansi huporomoka katika korongo lenye msitu. Maji yanapogonga miamba hurusha manyunyu, na miteremko iliyo karibu hulowa mchana na usiku. Hayo ndiyo makao ya chura wa Kihansi. Ni mdogo, rangi yake ni ya manjano, na urefu wake haufiki sentimita 3. Chakula chake ni wadudu wadogo.

Jike wa chura huyu hatagi mayai. Mayai hurutubishwa na kukua ndani ya mwili wake, kisha huzaa watoto wenye miguu minne, wadogo mno. Kwa hiyo hahitaji dimbwi. Hata hivyo, hawezi kuishi pakavu. Ngozi ya chura ni nyembamba, naye huitumia kuvutia hewa. Ngozi hiyo ikikauka, chura hufa.

Wataalamu walimgundua chura huyu mwaka 1996. Hajapata kuonekana kwa asili mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 mtambo wa umeme ulianza kazi, na maji mengi ya mto yakapitishwa kwenye handaki. Manyunyu yakapungua sana. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 vyura waliobaki korongoni walipungua ghafula. Ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini.

Lakini wale waliotunzwa walikuwa wamezaana. Mwaka 2012 vyura wa kizazi chao walianza kurudishwa Kihansi. Umeme ni muhimu kwetu. Manyunyu ni uhai kwa chura. Binadamu anapotumia maji ya mto, hana budi kuwakumbuka viumbe wengine wanaoyategemea.

Maswali

1. Chura wa Kihansi anatofautianaje na chura wa kawaida katika kuzaliana?
2. Kwa nini manyunyu yalipungua?
3. Taja viumbe watatu wanaotegemea maji ya mto au kijito kilicho karibu na shule yenu.