Hewa Tunayoivuta na Ujumbe Tunaousambaza

Anayetoka nyumbani Mbweni kwenda Misa ya kwanza, jua likiwa bado halijachomoza, hukutana njiani na harufu mbili: ya bahari, na ya majani makavu yanayochomwa pamoja na mifuko ya plastiki. Saa hizo upepo huwa umetulia na moshi hukaa chini, usawa wa pua za watoto. Jua likipanda na upepo wa baharini ukianza kuvuma, hali hubadilika, hata anayekwenda Misa ya pili huenda asitambue kitu. Kwa sababu hiyo, taarifa juu ya hewa huwa na thamani kubwa zaidi inapomfikia mtu saa ileile anapoivuta hewa hiyo. Makundi ya simu ya jumuiya zetu ndogo ndogo yanaweza kuifikisha, ikiwa yatatumika kwa busara.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika aya ya 20 ya Waraka wake wa Kitume Laudato si', wa tarehe 24 Mei 2015, aliutaja moshi wa nishati za kupikia kati ya mambo yanayowaletea watu maradhi, na akaonesha kwamba mzigo wa hewa chafu huwaelemea zaidi maskini. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu, ya ndani na ya nje ya nyumba, husababisha vifo vya mapema vya watu takribani milioni 7 kila mwaka.

Namba kubwa namna hiyo huficha sura za watu. Basi tutaje mtoto mmoja. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi jijini London, alifariki dunia Februari 2013 kwa ugonjwa wa pumu. Desemba 2020, ofisa wa kisheria anayechunguza vyanzo vya vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Aliongeza jambo linalotugusa hata sisi: mama yake hakuwa amepewa taarifa juu ya hatari ya hewa ile kwa mgonjwa wa pumu, na kama angepewa, angechukua hatua ambazo huenda zingemwokoa mtoto.

Njia ya kuwafikishia watu taarifa hizo si ngeni. Mwaka 2008 Ubalozi wa Marekani mjini Beijing ulianza kutangaza vipimo vya hewa kila saa kupitia mtandao wa Twitter, na wakazi wa mji huo wakaanza kuufuatilia. Balozi nyingine za nchi hiyo, ikiwemo ya Kampala, zilifunga vipimo pia. Lakini Machi 2025 serikali ya Marekani ilisitisha utangazaji wa takwimu za balozi zake. Anayetegemea kisima cha jirani hana budi kukumbuka kwamba jirani anaweza kukifunga.

Kwa bahati njema, Afrika Mashariki ina kisima chake. Mradi wa AirQo, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015 chini ya Profesa Engineer Bainomugisha, hutengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu. Vingine vimefungwa juu ya majengo, vingine juu ya bodaboda, na matokeo yake husomwa katika simu za wananchi.

Hata hivyo, kabla ya kusambaza namba yoyote tuelewe inasema nini. Kinachopimwa hasa ni chembe laini ziitwazo PM2.5, ndogo mno kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo. Lakini programu nyingi za simu hazioneshi mikrogramu. Huonesha kielezo cha rangi. Tuseme mtu ameandika “hewa leo ni 60”. Kwa kielezo cha Marekani, 60 ni rangi ya njano, hali ya wastani, sawa na mikrogramu kama 14 hivi. Zikiwa ni mikrogramu 60, rangi ni nyekundu! Ujumbe uleule, maana mbili zinazotofautiana kama maji na moto.

Tena, namba inayoitwa ya “Dar es Salaam” mara nyingi ni makadirio ya kompyuta yanayotokana na satelaiti na mifumo ya hali ya hewa. Haiwezi kujua kwamba Mbagala kuna foleni ya malori huku Mbweni upepo ukivuma. Hata kipimo halisi cha bei nafuu huweza kuzidisha hesabu hewa ikiwa na unyevu mwingi, jambo la kawaida kwetu wa pwani. Basi namba isiyo na mahali, saa na kizio chake haifai kusambazwa, hata kama imeletwa na mtu tunayemheshimu. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutangaza taarifa za uongo kwa kujua.

Upo mtego mwingine, na kwa maoni yetu ndio mkubwa zaidi: picha ya jirani akichoma taka, inayorushwa katika kundi la watu 200 pamoja na maneno makali. Amri ya Nane haimkatazi mtu uongo peke yake. Katekisimu, katika namba 2477, inataja pia hukumu ya haraka na kufichua makosa ya mwingine bila sababu ya haki. Yesu alifundisha, katika Mathayo 18:15, kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani. Huenda gari la taka halijafika mtaani kwake kwa majuma kadhaa. Akiendelea baada ya kuonywa, ipo ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa uchafuzi mkubwa lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Ujumbe mwema unaweza kuwa hivi: “Saa 12:15 asubuhi, njia ya chini kuelekea kanisani: moshi mzito wa taka, upepo umetulia. Wenye pumu, wazee na wenye watoto wachanga wapite njia ya juu.” Hauna namba ya kitaalamu, haumtaji mtu, na unamwambia msomaji afanye nini. Aliyeutuma awajibike kutuma na wa pili moshi ukiisha. Huo ndio husahaulika, na watu hubaki wamejifungia hadi mchana.

Wapo pia wasio na simu janja, na mara nyingi ndio wenye kifua kibovu. Kwa nyumba hizo, kiongozi wa jumuiya amteue kijana wa jirani atakayepiga hodi, atoe habari, na amsaidie bibi kufunga madirisha ya upande unaotoka moshi.