Hatari ya Chombo Hupimwa kwa Daraja

Wanachama wapenzi,

Karafuu iliyoanikwa siku mbili si mbichi tena, wala haijawa kavu. Ndivyo ilivyo hatari ya baharini. Mwaka 1965 Profesa Lotfi Zadeh, wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alitoa hesabu ya mambo ya namna hii: kila jambo hupewa daraja baina ya 0 na 1. Wataalamu wa meli na wa visima vya mafuta vya baharini huitumia pale takwimu zinapokuwa chache.

Mfano: shehena ni nzito kwa daraja 0.7, upepo ni mkali kwa 0.6. Kanuni yasema: shehena ikiwa nzito na upepo ukiwa mkali, hatari ni kubwa. Kwa kuwa yatakiwa yote mawili, huchukuliwa daraja ndogo. Basi hatari ni kubwa kwa 0.6, ingawa hapana kilichofika 1.

Lakini hesabu haizuii chombo kung'oa nanga. M.V. Spice Islander I, iliyozama tarehe 10 Septemba, 2011, ikija Pemba, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Basi aonaye chombo kimeelemewa asipande, wala asipakie gunia lake.

Wassalaam,
Katibu